Hata "Bado Hatujajua" Ni Jibu, Tuandikieni

Kwa Mganga Mkuu wa Serikali, na kwa Waganga Wafawidhi wa hospitali za wilaya na hospitali za rufaa za mikoa, Tanzania.

YAH: MTOTO ALIYEZIMIA AKIKIMBIA

Waheshimiwa,

Mimi ni mama wa binti wa miaka 11 ambaye huenda ana hitilafu ya mapigo ya moyo, na huenda hana. Sijui. Ninawaandikia hadharani kwa sababu kila niliyemuuliza katika kada yenu amenijibu kama mtu anayejua, na majibu yenyewe hayafanani.

Habari yake ni fupi. Alikuwa kwenye mazoezi ya kupokezana vijiti shuleni, akaanguka katikati ya mbio. Mwalimu anasema hakujikwaa, wala hakulalamika kizunguzungu kabla. Alilala pale mchangani, midomo imepauka, mkono mmoja ukitikisika, kisha akafumbua macho na kuuliza kijiti kiko wapi. Zahanati walimtoboa kidole, malaria ikaonekana, akapewa dawa ya mseto. Miezi ikapita. Mara ya pili alizimia akiogelea, wenzake wakamvuta ufukweni. Hapo ndipo tulipoanza kupanda ngazi za rufaa. Wa kwanza alisema malaria imepanda kichwani. Wa pili alisema kifafa, akaandika dawa za kumeza kila siku. Wa tatu alitupeleka kwenye eko, kipimo cha picha ya moyo, akarudi na uso mkunjufu: "Mama, moyo wa mtoto ni mzima kabisa." Nilipouliza habari za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, nesi aliniambia kwa upole kwamba hicho ni kipimo cha wazee wa presha.

Hospitali siitaji. Sitafuti mtu wa kuadhibiwa, na walionihudumia wengi walikuwa wamechoka na bado walikuwa na adabu. Ninachotaka kuzungumza nanyi ni namna ya kujibu.

Nianze na bibi yake. Mama mkwe wangu ni mtu wa pwani, na kwake mtoto anayeanguka ghafla ana upepo. Alitaka asomewe, na alisomewa, sikuona ubaya. Lakini kabla ya kusema lolote, bibi huyo aliuliza swali ambalo halimo katika cheti chochote nilichorudi nacho kutoka kwenu: "Alikuwa anafanya nini alipoanguka?" Nilipomwambia alikuwa anakimbia, na mara ya pili anaogelea, alinyamaza, kisha akanisimulia kuhusu mtoto wa kaka yake aliyezama zamani, kijana aliyekuwa akiogelea toka utotoni, siku ambayo bahari ilikuwa shwari. Inawezekana alikumbwa na jambo jingine kabisa. Watu huzama kwa sababu nyingi. Ila mnajua kuliko mimi kwamba daktari wa moyo akisikia maneno hayo mawili pamoja, mtoto aliyezimia majini na ndugu aliyezama bila sababu, hukaa sawa kwenye kiti chake.

Swali la bibi lina uzito kuliko mashine nyingi. Watoto kuzimia ni jambo la kawaida, na mara nyingi halina hatari. Mwanafunzi aliyesimama mstarini asubuhi, jua limewaka, hajanywa hata uji, anahisi joto, macho yanaingia giza, masikio yanavuma, anaanguka. Huyo mpe kivuli, mnyanyue miguu, mpe maji akizinduka. Damu ilichelewa kufika kichwani, basi. Aliyezimia akiwa katikati ya mbio, au akiogelea, au kwa kushtushwa na mlio, au bila dalili yoyote ya kumtahadharisha, ni habari nyingine. Huyo anastahili kupimwa umeme wa moyo, hata kama kipimo cha malaria kimesoma chanya. Katika nchi yetu mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria na tatizo jingine siku hiyohiyo, na vile vimelea vikaficha lile tatizo.

Hata kutikisika mkono hakutoshi kuita kifafa. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde kadhaa, mwili unaweza kutikisika, hata kama chanzo ni moyo uliopoteza mwendo wake. Tofauti moja, ambayo mzazi au mwalimu anaweza kuieleza kama akiulizwa, ni kinachofuata. Aliyetoka kwenye kifafa kwa kawaida huamka mzito, amechanganyikiwa, anataka kulala. Aliyezimia kwa sababu ya moyo mara nyingi huamka haraka na akili zake. Binti yangu aliuliza kijiti. Nimewaambia hivyo madaktari kadhaa. Hakuna aliyeandika.

Sasa eko. Sina ugomvi nayo, na nashukuru ilifanyika, kwa sababu inaonyesha kuta za moyo, milango yake na nguvu ya kusukuma damu. Inaweza kuwakamata watoto wenye misuli minene ya moyo, ugonjwa uliogunduliwa kwa Marc-Vivien Foé baada ya kifo chake uwanjani Lyon mwaka 2003, akiichezea Cameroon. Lakini ngoma inaweza kuwa nzima, ngozi imewambwa vizuri, na mpigaji akapoteza pigo. Eko safi haijibu swali la mapigo. Aliyeniambia moyo wa mtoto ni mzima kabisa alikuwa anasema kweli kuhusu nusu moja ya moyo.

Nusu ya pili ina kipimo chake, na si kipimo kipya. Mholanzi Willem Einthoven, mzaliwa wa Semarang kisiwani Java, alikifikisha mahali pa kutumika miaka ya mwanzo ya 1900, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mashine yake ilijaza chumba, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Leo mashine hiyo inaingia kwenye begi, inatumia betri, haichomi, haitoi mionzi, na kazi yenyewe huisha kwa dakika chache. Tukiambiwa ni ya wazee, tunaambiwa kitu ambacho hakina msingi. Wazee ndio walio wengi kwenye foleni, labda ndiyo maana.

Hatimaye binti yangu alipimwa. Nilipewa karatasi ya waridi yenye miraba, na juu yake mashine ilikuwa imechapa mstari mmoja wa Kiingereza unaosema kila kitu ni cha kawaida. Daktari wa zamu aliusoma ule mstari. Karatasi yenyewe hakuisoma.

Waheshimiwa, hapa ndipo penye kiini cha barua yangu, kwa hiyo mniruhusu nikae kidogo. Karatasi ile kwa kawaida hutembea milimita 25 kwa sekunde, na kila mraba mdogo ni sehemu 4 kati ya 100 za sekunde. Mtu mwenye rula na subira anaweza kupima umbali kutoka mwanzo wa wimbi la Q hadi mwisho wa wimbi la T, akaulinganisha na kasi ya moyo kwa hesabu aliyoitoa Mwingereza Bazett mwaka 1920. Umbali huo ukifika milisekunde 480 baada ya kurekebishwa, tena katika vipimo vilivyorudiwa, wataalamu wa Ulaya wanaona unatosha kuitwa ugonjwa hata kama mtoto hajawahi kuzimia. Kwa aliyezimia kwa namna ya kutia shaka, hata kuanzia 460 ni wa kufuatiliwa. Mwenye rula anaweza pia kuangalia kama wimbi kubwa linaanza kwa kupanda taratibu, mteremko mdogo usiotakiwa kuwapo, ishara ya njia ya ziada ya umeme waliyoieleza Wolff, Parkinson na White mwaka 1930. Mashine hupima haya, na hukosea. Tena iliyopangwa kwa vipimo vya watu wazima huweza kumwita mtoto mzima mgonjwa, maana mawimbi ya T yaliyopinduka kwenye vifua vya watoto ni kawaida yao, na mwendo wao hubadilika wanapovuta pumzi na kuitoa bila kosa lolote. Kwa hiyo mstari wa mashine unaweza kuwatisha wasiostahili kutishwa na kuwatuliza wasiostahili kutulizwa. Kwa kweli sijui lipi baya zaidi.

Ile njia ya ziada huleta vipindi vya moyo kwenda mbio kupita kiasi, na ni tatizo la mapigo linaloonekana kwa watoto kuliko mengine mengi ya hatari. Mtoto mkubwa husema moyo unakimbia, unaanza ghafla na kukoma ghafla, mara nyingine amekaa tu. Mchanga hawezi kusema. Yeye huacha kunyonya, hupauka, hutoka jasho, na mapigo yake hupita 220 kwa dakika, hayahesabiki kwa kidole. Nimekutana na mama ambaye mwanawe wa miezi michache alitibiwa nimonia kumbe tatizo lilikuwa hilo. Muuguzi mmoja mzoefu ndiye aliyeweka stetoskopu kifuani na kusema, "Hii si homa." Alimwekea mtoto mfuko wa barafu usoni kwa sekunde chache huku daktari akiitwa, na mwendo ukarudi. Yapo mambo yanayowezekana hata wilayani, kwa aliyefundishwa.

Lile jingine, la umbali wa Q hadi T uliorefuka, ambalo nitaliita la wimbi refu, ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu linafanana na habari ya binti yangu kuliko ninavyopenda. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, walieleza familia yenye watoto sita. Wanne walizaliwa viziwi na walikuwa wakizimia, na watatu kati yao walikufa ghafla. Baadaye ikajulikana kwamba ugonjwa upo pia, tena kwa wingi zaidi, kwa watu wanaosikia vizuri. Hurithiwa. Aina moja huamshwa na mbio na hasa kuogelea. Nyingine huamshwa na mlio wa ghafla, kengele au simu. Nyingine huja usingizini. Nikisoma habari hizo huwafikiria watoto wa shule za viziwi, kama Buguruni na Tabora. Mtoto kiziwi anayezimia, nani humwazia moyo? Ugonjwa wa aina ile ni adimu sana, najua, lakini gharama ya kumpima mmoja ni karatasi moja.

Na kuna jambo la dawa. Mtu mwenye wimbi refu anatakiwa kuepuka orodha ya dawa ambazo katika duka la dawa la mtaani kwetu zinauzwa kila siku: erithromaisini, azithromaisini, siprofloksasini, flukonazo, hata kwinini. Maelezo ya dawa ya mseto yenyewe, ile ya artemetha na lumefantrini tunayoitegemea nchini toka mwaka 2006, yana tahadhari kwa wagonjwa wa namna hiyo. Naomba nisieleweke vibaya. Malaria inaua watoto wetu, na mtoto mwenye malaria atibiwe leo, si kesho. Ninachosema ni kwamba kama kuna mashaka juu ya moyo wa mtoto, mashaka hayo yaandikwe kwenye kadi yake, ili tabibu wa zahanati anayemwona kwa mara ya kwanza usiku wa manane achague dawa akijua. Sasa hivi kadi ya binti yangu imeandikwa "kifafa", na hakuna aliyekipima.

Mtaniambia: mama, hata ECG ikisomwa vizuri inaweza kuwa safi, kwa kuwa ilichukuliwa mtoto akiwa ametulia. Ni kweli, na ndiyo maana kuna kipimo cha kuvaa saa 24, kilichobuniwa na Mmarekani Norman Holter, ambaye mfano wake wa kwanza ulikuwa mzigo wa zaidi ya kilo 30 mgongoni, na leo kifaa chenyewe kinatosha mfukoni. Ni kweli pia kwamba mtoto anayezimia mara moja kwa miezi kadhaa anaweza kuvaa kifaa hicho siku nzima na kisinase kitu. Kuna kumkimbiza mtoto kwenye mashine huku moyo ukisomwa. Kuna kupima wazazi na ndugu, jambo ambalo halihitaji hata kumsumbua mtoto. Najua mengi ya haya hayapo wilayani na sidai yawepo kesho. Ndiyo kwanza ninafika kwenye ombi langu, nalo ni dogo.

Ninaomba mtu aliyemwona mtoto aliyezimia aandike kwenye cheti, kwa mkono wake: alikuwa anafanya nini, aliamkaje, nani katika ukoo alikufa ghafla au kuzama akiwa kijana. Aandike kipi kimepimwa na kipi hakijapimwa. Kama ECG imepimwa, aandike kipimo cha wimbi alichokipima yeye, si kilichochapwa na mashine, na mzazi apewe karatasi yake au aruhusiwe kuipiga picha. Na kama hajui, aandike kwamba bado hajajua, kisha aandike hatua inayofuata ni ipi na lini. "Mtoto hana tatizo" ni maneno mazuri kusikia. Mzazi hutoka nayo amepumua, anamrudisha mtoto uwanjani. "Bado hatujajua, asiogelee wala asishindane mbio mpaka karatasi yake isomwe na daktari wa moyo" ni maneno mazito, lakini kwa hayo naweza kulinda mtu.

Wasomaji wapo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili ina madaktari wa moyo wa watoto, na wataalamu wake wamekuwa wakizunguka mikoani kwa huduma za mkoba. Dar es Salaam ni mbali kwa mgonjwa lakini si mbali kwa picha. Karatasi ya waridi iliyopigwa picha vizuri, kwenye mwanga, bila kukunjwa, inafika kwa simu kabla dripu haijaisha. Najua madaktari wengi hufanya hivyo tayari kwa urafiki, kwa sababu walisoma pamoja. Mganga Mkuu wa Serikali, lifanyeni liwe utaratibu wenye zamu na majibu yenye jina, lisitegemee nani alilala bweni moja na nani.

Na ikithibitika, mara nyingi kuna la kufanya. Propranolo, kidonge kinachotumika toka miaka ya 1960, ni mojawapo ya kinga kuu za ugonjwa wa wimbi refu, chini ya uangalizi wa daktari. Njia ya ziada ya umeme inaweza kuunguzwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, na mtoto akarudi kucheza. Tusingekuwa na tiba, ningeelewa uvivu wa kutafuta jina.

Maneno machache kwa walimu, ambao ninawapa nakala ya barua hii. Huko Japani watoto wa shule hukaguliwa moyo toka miaka ya 1970, na ECG imekuwa sehemu ya ukaguzi huo kwa madarasa maalumu toka 1995. Sisi hatujafika huko na sisemi tukimbilie. Lakini Fabrice Muamba, mwanasoka mzaliwa wa Kongo, alipoanguka uwanjani London mwezi Machi 2012, moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga kwa nguvu zake wenyewe, na aliishi kwa sababu watu walimkandamiza kifua bila kuacha mpaka umeme na dawa vikafanya kazi. Kukandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hakuhitaji stoo ya vifaa. Kunahitaji mwalimu wa michezo aliyefundishwa Jumamosi moja, na muuguzi wa kituo cha afya jirani anaweza kumfundisha. Shule ya binti yangu iko tayari. Hakuna aliyewahi kuwaita.

Mazoezi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, yanakaribia. Binti yangu ndiye mwenye mguu mwepesi kuliko wote darasani kwao, na mwalimu ameshaniuliza kwa maandishi kama amweke kwenye orodha ya mbio. Nimemwomba anisubiri. Nakala ya karatasi ya ECG ninayo, nimeipiga picha, na nitaipeleka kwa yeyote kati yenu atakayekubali kuipima kwa rula na kuniandikia alichokiona, pamoja na jina lake na tarehe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa mwanafunzi wa darasa la tano

Nakala: Walimu wa michezo, shule za msingi